Nimerudi Albion baada ya mapumziko na kila mtu ananiua: nianze upya?

Swali: "Shikamoo kaka. Nipo Mwanza, nacheza Albion Online kwa simu. Niliacha mwanzoni mwa 2023, nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, halafu kazi ikanibana. Wakati ule nilikuwa nashinda kuliko ninavyoshindwa kwenye Corrupted Dungeons, yale mapango ya mmoja kwa mmoja, kisu changu cha Bloodletter kikiwa na umahiri wa ngazi 100. Mwezi uliopita nimerudi. Seti za silaha na mavazi nilizokuwa nimeziacha benki zimeisha zote, naporwa kila nikitoka mjini. Gildi yetu haipo tena. Pingi, ule ucheleweshaji wa mtandao, inacheza kwenye milisekunde 240. Rafiki yangu ananiambia nihamie seva ya Ulaya. Je, nianze upya? Na kama nikibaki, narudije kwenye ushindani bila kufilisika? Nina kama saa moja tu kwa siku, jioni."

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza mambo mawili ambayo wengi wanaorudi huyachanganya: la seva na la mkono, yaani ustadi wako wa kupigana. Tuanze na seva, maana ukikosea hapo, mengine yote utakuwa unayajenga kwenye kiwanja cha mtu.

Ulipoacha, Albion ilikuwa dunia moja kwa wote, na seva yake ilikuwa Washington, Marekani. Machi 2023 wakafungua seva ya Asia, iliyopo Singapore. Tarehe 29 Aprili 2024 ikaja ya Ulaya, Amsterdam. Hizi ni dunia tatu zisizoingiliana. Akaunti yako moja inaingia kote, lakini mhusika wako hahami: hahami na umahiri, hahami na silva (pesa ya mchezo), hahami na hata kofia aliyovaa. Kwa hiyo rafiki yako anaposema "hamia Ulaya", anachokwambia kwa kweli ni uanze sifuri.

Sifuri hiyo ina bei, na inafaa uijue kwa namba. Nguvu ya vifaa, ile unayoiona kwenye menyu kama IP, inaanzia 700 kwa kifaa cha daraja la 4 na kupanda 100 kwa kila daraja. Kila ngazi moja ya umahiri wa silaha husika inakuongezea IP 2. Ngazi zako 100 za Bloodletter ni IP 200, yaani madaraja mawili mazima. Kisu cha daraja la 6 mkononi mwako kinapiga kama cha daraja la 8 mkononi mwa mtu asiye na umahiri wowote. Hapo sijagusa koti, kofia na viatu, ambavyo navyo vina ngazi zake. Ukienda Ulaya, wewe ndiye utakayekuwa huyo asiye na umahiri, tena bila silva ya kuziba pengo.

Upande wa pili wa mizani ni umbali. Mwanga ndani ya nyaya za baharini husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka pwani yetu hadi Washington ni zaidi ya kilomita 12,000 hata ukichora mstari ulionyooka kwenye tufe. Kwenda na kurudi, hiyo ni milisekunde 120 kabla hujahesabu mzunguko wa nyaya, vituo vya katikati na mnara wa simu wa mtaani kwako. Amsterdam ni kama kilomita 7,000, yaani 70 kwa hesabu hiyohiyo. Nyaya hazinyooki, kwa hiyo zote mbili zinavimba, lakini tofauti inabaki, na hakuna bando wala simu mpya itakayoifuta. Singapore nayo kwenye ramani iko karibu sawa na Amsterdam, ila usidanganywe na ramani: njia ambayo data yako inapita inategemea mtandao wako umeunganishwa na nani, na mara nyingi inazunguka kwanza. Pima, usikisie.

Kuna jambo la tatu ambalo rafiki yako huenda hakulitaja, na kwangu ndilo zito zaidi: saa. Mchezo wa ushindani unahitaji wapinzani walio macho. Saa mbili usiku ya New York kwetu ni saa tisa au saa kumi usiku, kutegemea majira yao. Saa mbili usiku ya Berlin ni saa tatu au saa nne usiku kwetu. Una saa moja, jioni. Ulaya saa hiyo ndiyo kwanza wametoka kazini na wanavaa seti. Upande wa Marekani wengi wako ofisini au darasani, na atakayekupata mchana wa kwao mara nyingi ni yule anayeshinda humo kutwa.

Hukumu yangu ni hii. Usifute chochote. Fungua mhusika Ulaya leo, ni bure tangu Aprili 2019 mchezo ulipoacha kuwa wa kulipia, na kwa wiki nzima angalia pingi yake saa ileile utakayokuwa unacheza. Tofauti yake na ya Marekani ikiwa chini ya 50, baki ulipo, umahiri wako una thamani kubwa kuliko hizo milisekunde. Ikiwa ndogo kwa 80 na zaidi, na lengo lako ni mapambano ya mmoja kwa mmoja kwa kisu, Ulaya ndiko nyumbani kwako kwa muda mrefu. Lakini hata hapo, mwezi wa kwanza wa kurudisha mkono ucheze na mhusika wa zamani. Kule una umahiri wako, makosa yako utayaona bila kuyachanganya na udhaifu wa vifaa. Kule Ulaya, mwezi huohuo, pandisha umahiri taratibu kwenye maeneo ya bluu na manjano, yale ambako hufi, hata dakika kumi na tano kabla ya kulala.

Tena kuhusu mtandao. Tarehe 12 Mei 2024, wiki mbili tu baada ya seva ya Ulaya kufunguliwa, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini na nchi nyingi za ukanda wetu zikabaki zinachechemea. Bahari Nyekundu nayo imeshakatiwa nyaya zake zaidi ya mara moja. Siku kama hizo pingi nzuri haina maana, kwa sababu tatizo linakuwa ni kuyumba. Pingi ya 200 iliyotulia unaweza kuizoea, vidole vinajifunza kutangulia. Inayoruka kutoka 150 hadi 400 na kurudi haizoeleki na mtu yeyote. Kabla hujavaa seti ya kupoteza, simama mjini dakika moja uangalie namba. Ikiruka, siku hiyo panga soko, pika, fanya biashara. Na kwa kuwa unatumia simu, ikichemka nayo inapunguza kasi yenyewe. Itoe kava, usicheze huku inachajiwa, funga programu nyingine. Nusu ya "kuganda" ninakolalamikiwa si mtandao, ni simu iliyoungua mkononi.

Sasa mkono.

Unadhani umepoteza vidole. Vidole hurudi ndani ya siku chache. Kilichopotea ni ramani uliyokuwa nayo kichwani ya mtu mwingine anaweza kufanya nini. Mwaka 2023 mwanzoni, ukimwona mtu na silaha fulani na koti fulani, ulijua bila kufikiri kwamba ana kitufe cha kukimbia, hana cha kujiponya, na kwamba akibonyeza E, kitufe cha pigo kubwa la silaha, una sekunde kadhaa za kumla. Ramani hiyo imechorwa upya ukiwa haupo. Oktoba 2023 ziliingia fimbo za kujigeuza, na hizo hukuwahi kuziona kabisa: mtu anageuka chui, mbwamwitu, jitu la mawe, na akishageuka vitufe vyake vinabadilika vyote katikati ya pambano. Silaha za kristali zimekuwa zikiongezwa kidogo kidogo kwenye kila familia. Kwenye visu, familia yako, kuna Twin Slayers. Zipo pia silaha zilizoamshwa, zinazofungamana na mmiliki mmoja na kupata sifa za ziada kadiri anavyozipigania. Hizo usizifikirie kwa sasa, ni za wenye mifuko.

Watu watakwambia usome maelezo ya mabadiliko yote ya miaka uliyokuwa haupo. Hapana. Ni kurasa na kurasa za namba ambazo nusu yake zimeshabadilishwa tena. Soma ya kisu chako tu na ya makoti yanayovaliwa sana. Mengine utayapata mahali pazuri zaidi, na pako wazi kwa kila mtu: ubao wa mauaji kwenye tovuti ya mchezo wenyewe.

Huo ubao unaonyesha nani kamuua nani, akiwa amevaa nini, na wastani wa IP wa wote wawili. Wengi huuangalia kwa sifa. Wewe utumie kama daftari la mwalimu. Andika jina lako, fungua vifo vyako vya mwezi huu kimoja kimoja, na kwa kila kimoja angalia vitu viwili. Kwanza, tofauti ya IP. Kama muuaji amekuzidi 150 na kuendelea, usijilaumu mkono. Ulikosea kabla ya kutoka mjini, ulivaa seti isiyofaa eneo lile. Kama mko sawa au wewe umemzidi, hapo ndipo kuna somo. Pili, koti lake. Siyo silaha, koti. Silaha ndiyo inayokuvutia macho, lakini kwenye mapambano ya mmoja kwa mmoja koti ndilo linaloamua pambano linageukia wapi. Nina hakika ukipanga vifo vyako utaona makoti mawili au matatu yanajirudia.

Kisha bonyeza jina la mmoja wa waliokuua na uangalie vifo VYAKE. Nani anamuua yeye, kwa silaha gani? Dakika ishirini za kazi hiyo zinakupa picha ya sasa kuliko video yoyote ya "silaha bora kumi", ambayo mara nyingi mtengenezaji wake anataka kwanza aziuze alizonunua.

Nikuonyeshe kwa karibu jambo moja, maana maneno ya jumla hayasaidii. Tuchukue Mercenary Jacket, koti ambalo hata zamani ulilijua. Kitufe chake cha R, Bloodlust, kwa sekunde chache kinamrudishia mvaaji damu kutokana na madhara anayoyafanya. Wewe una Bloodletter. Kisu hiki kimeumbwa kumalizia: E yake inauma zaidi adui akiwa amebaki na damu kidogo, na kinakupa wepesi wa kuingia na kutoka.

Anayerudi kutoka mapumzikoni hufanya hivi karibu kila mara. Anaingia kwa kasi, anapiga Q kadhaa, yale mapigo madogo, adui anashuka hadi nusu, moyo unadunda, anabonyeza E hapohapo kwa sababu anaona inawezekana. Adui anawasha Bloodlust. Mgeni wetu anaendelea kupiga, kwa sababu zamani alikuwa akishinda kwa kupiga. Lakini sasa kila pigo analopokea ni chakula cha adui. Damu ya mwenzake inapanda, yake inashuka, E haijarudi, na kiatu cha kukimbilia alishakitumia kuingia. Hapo ameshakufa, zimebaki sekunde sita tu za kulithibitisha.

Angalia koti lenyewe linakwambia ufanye nini. Linamponya kwa madhara anayoyafanya. Asipokupata, haponi. Kwa hiyo akiwasha tu, wewe unatoka: W ya kuruka, au kiatu, au zunguka nguzo, chochote, ilimradi zile sekunde ziishe akipiga hewa. Halafu unarudi. Sasa R yake imelala na itachukua muda, na E yako uliyoitunza ina kazi ya kufanya. Kiatu hakikuwa cha kuingilia. Kiatu kilikuwa cha sekunde hizi.

Koti la Cleric Robe ni wazo hilohilo kwa sura nyingine: kuna dirisha dogo ambalo mapigo yako hayamwingii. Kumpiga ndani ya dirisha hilo ni kumzawadia vitufe vyako bure. Subiri, kisha maliza.

Kutokana na hilo, zoezi lako la wiki ya kwanza liwe jambo moja. Katika kila pambano fuatilia kitufe kimoja tu cha adui, R ya koti. Ikiwashwa, sema kwa sauti "katumia". Majirani wakikushangaa, waache. Usijali kama umeshinda au umekufa. Baada ya pambano jiulize, nilijua R yake iko wapi? Ukiweza kujibu ndiyo mara nyingi kuliko hapana, wiki inayofuata ongeza kiatu. Wiki ya tatu, E yake. Ukijaribu kuvifuatilia vyote siku ya kwanza hutaona hata kimoja. Rekodi skrini ya simu kama nafasi ya kuhifadhi inaruhusu, na tazama vifo tu, ushindi una adabu ya kuficha makosa.

Pingi inaingia hapa pia. Ukiwa na 240, unachokiona kwenye skrini kimeshapita, na unachobonyeza kitafika baadaye. Kwa hiyo vitufe vya kujibu papo kwa papo, vile vya kukatiza pigo la adui likiwa njiani, kwako ni kamari. Chagua vinavyodumu sekunde kadhaa, ambavyo hata ukichelewa robo sekunde bado vinafanya kazi. Hii nayo ni sababu ya kutokopi seti ya bingwa anayecheza akiwa Ujerumani.

Uwanja wa mazoezi: anza na Arena ya watano kwa watano, hupotezi kifaa chochote, na ndani ya saa moja utakutana na silaha ambazo hujawahi kuziona. Michezo ya timu haifundishi mmoja kwa mmoja, lakini inafundisha macho. Kisha Corrupted Dungeons za ngazi ya Hunter, ambako ukishindwa unaangushwa tu, huuawi. Ukae huko hadi uchoke. Najua utasema pale ni pa watoto na wewe ulikuwa mtu wa Stalker, ngazi ya kufa kweli. Ulikuwa. Baada ya hapo jaribu Mists, zile dunia za ukungu zilizokuja na sasisho la Novemba 2022, huenda ulizigusa kidogo tu kabla ya kuacha. Zinafaa mtu wa saa moja kwa siku: unaingia na kukutana na watu peke peke au wawili wawili, si kundi la watu ishirini lililojificha nyuma ya mti. Ukiingilia maeneo ya bluu au manjano, hufi. Ukiingilia nyekundu au nyeusi, unaporwa. Kutoka hapo rudi ngazi za kufa kwenye Corrupted. Hellgate, yale mapango ya mapambano, za wawili kwa wawili ziache hadi upate mwenza wa kudumu, mwenza wa kuokota njiani atakupotezea seti mbili badala ya moja.

Kuhusu kufilisika. Seti zako za benki ziliisha kwa sababu zilikuwa seti za zamani za kila aina, ukivaa hii leo na ile kesho, si ndiyo? Mtu hajui amekufa kwa nini kama kila kifo kina nguo tofauti. Chagua seti moja, nunua kumi zinazofanana kabisa, na cheza hizohizo hadi ziishe. Bei ya seti moja isizidi asilimia 5 ya silva uliyonayo yote, yaani uweze kufa mara ishirini na bado ule. Ukipungukiwa, shuka daraja, usivunje kanuni.

Na kuna njia ya kununua. Urogo wa kifaa, ile namba ya baada ya nukta, nao unaongeza IP 100 kwa kila hatua. Kwa hiyo 4.3, 5.2, 6.1 na 7.0 vyote vina IP ya msingi 1000. Bei zake hazilingani hata siku moja, kwa sababu zinategemea malighafi gani imejaa sokoni wiki hiyo na nani ananunua kwa ajili ya soko jeusi la Caerleon, mji wa ndani ya mchezo. Kabla ya kununua seti kumi, linganisha zote nne kwa kila kipande. Mara nyingi kofia nafuu ni 4.3 na viatu nafuu ni 6.1, na ukichanganya hivyo unaokoa silva nzuri bila kupoteza nguvu yoyote ya maana. Silaha ndiyo usiibanie sana, umahiri wako unafaidi zaidi daraja likiwa juu.

Ukiwa na mali ya zamani ya kuuza, weka kwanza bei ya sasa mbele yako, miji tofauti. Kuna vitu vilivyokuwa takataka 2023 na sasa vina bei, na kinyume chake. Kumbuka makato: kuweka tangazo sokoni ni asilimia 2.5, na ikiuzwa unakatwa asilimia 8, au 4 ukiwa na Premium, ule usajili wa ziada. Ukiwa na mzigo mkubwa, uza ndani ya siku za Premium. Wale jamaa wa WhatsApp wanaouza silva kwa M-Pesa achana nao kabisa, ni kinyume cha masharti ya mchezo, na akaunti ikifungwa ngazi zako 100 zinaondoka nayo.

Chakula na dawa, usivikate kwenye bajeti. Naona wengi wanaorudi wanatoka na tumbo tupu eti wanabana matumizi. Kimanda kinapunguza muda wa kusubiri vitufe, mchuzi wa nyama unaongeza madhara. Kwa Bloodletter, ambaye maisha yake ni kuingia na kutoka, mimi ningebeba kimanda. Mpinzani wako atakuwa amekula. Kuvaa seti ya 1000 na kukosa chakula ni kumpa mtu faida ambayo ingekugharimu kidogo kuizuia.

Saa yako moja igawe hivi: dakika tano za kuangalia pingi na kupanga seti, mapambano, na ukifa mara tatu mfululizo, unaacha kupigana siku hiyo. Muda uliobaki tazama rekodi au pandisha umahiri kule Ulaya. Kifo cha nne na cha tano huwa si cha mchezo tena, ni cha hasira, na watu wa maeneo mekundu wanakijua kwa harufu.

La mwisho, gildi, kwa sababu umesema ya kwenu imekufa. Usiingie yoyote mwezi huu wa kwanza. Gildi kubwa itakuita saa isiyo yako kwenye vita vya watu mia na kukuweka nyuma ubonyeze kitufe kimoja, na saa yako moja imekwisha. Ukishaamua seva, tafuta gildi ndogo na uulize maswali manne kabla ya kukubali mwaliko. Muda wao wa kukusanyika ni saa ngapi kwa Afrika Mashariki? Kodi ya gildi ni asilimia ngapi? Wanarudishia seti mtu akifa kwenye shughuli ya gildi, na kwa masharti gani? Na je, wana watu wanaocheza wawili wawili, au ni wa makundi makubwa tu? Akikujibu "tutaona" kwenye hilo la seti, mshukuru uendelee kutafuta. Ukipata wanaokusanyika saa tatu usiku ya kwetu na wana mtu mmoja tu wa kisu au wa upinde anayetafuta mwenza, hao wanakutosha, na hapo ndipo Hellgate za wawili zinapofunguka.

Ukimaliza wiki yako ya kupima pingi, niandikie namba za seva zote mbili pamoja na saa ulizopima. Niongezee na makoti matatu yaliyokuua zaidi kwenye ubao, tutaanzia hapo kupanga seti.